Tini Mbele ya Mbuzi

Mke wangu Inès na wifi yake Pascasie hawakuwa wamekula pamoja tangu Damien afe, na mimi, kwa ubahili wa petroli, niliwapakia katika gari moja kutoka Yeoville, mtaa wetu wa Johannesburg, hadi Upington. Ni safari ya kutwa nzima kuelekea jangwani. Binti yetu Carmel anafanya kazi huko kwenye kiwanda cha kupakia zabibu, na alikuwa amejifungua. Pascasie naye huenda kila Februari kununua matunda makavu kwa wakulima, aje kuyauza Johannesburg. Nikamwambia kiti cha nyuma kiko wazi. Inès alininunia wiki nzima, na sikujali sana, maana akininunia nyumba inatulia.

Damien alikuwa kaka wa Inès na mume wa Pascasie, mtu wa Bujumbura kama wao. Miaka mitatu iliyopita alivimba miguu, akalazwa, akafa. Msibani, sebule imejaa Warundi na sisi Wakongo wachache, Inès aliuliza swali moja tu: kabla ya kulazwa, alikula kwa nani? Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja, kwa sababu Damien alikula kwa mkewe na kila mtu alijua. Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi likaja.

Pascasie alikuwa akipika na kuuza chakula nje ya kanisa letu: maharage, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na sombe ya majani ya muhogo. Watu walipanga foleni. Baada ya lile swali foleni ilipungua pole pole, bila mtu kumtukana. Huyu ana haraka, yule amefunga, mwingine tumbo linamsumbua. Sasa anauza zabibu kavu, tende na pichi zilizokaushwa, katika mifuko iliyofungwa na wakulima wenyewe. Hiyo wananunua. Wanaugeuza mfuko, wanakagua kama umefunguliwa, ndipo wanalipa. Nimewaona, na ilinikera, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilirudi kwangu kushona suruali za watu.

Mimi ni wa Uvira, ng'ambo ya ziwa tu kutoka kwao, kwa hiyo siwezi kujifanya mgeni wa mambo haya. Kwetu na kwao, anayekukaribisha kinywaji hunywa yeye kwanza ukimwona, ndipo akupe. Tunaita kuondoa sumu. Tunacheka tukifanya hivyo, ila hatuachi.

Tuliondoka alfajiri. Baada ya Vryburg miti ilianza kuwa mifupi, na tulipoipita Kuruman mchanga ukawa mwekundu na nyumba zikaadimika. Katika njia ile wakulima huweka vibanda kando ya barabara, kimoja hapa, kingine baada ya mwendo mrefu, kila kimoja na bendera chakavu ili dereva akione mapema. Pascasie anavijua vyote. Aligusa bega langu nisimame penye cha kwanza.

Muuzaji alikuwa mama Mzungu wa Kiafrikana, mzee, mwenye kofia ya kuchekesha. Alichovya kisu katika chupa ya jemu, akamnyooshea Inès aonje. Inès akalamba. Mke wangu, anayeogopa sumu, alilamba kisu cha mtu asiyemjua hata jina, kisha akasema tamu, akaomba tena.

Pascasie alinunua mkate uliochomwa juu ya makaa, ukiwa bado moto. Akaumega, akatafuna kipande chake polepole, akameza, kisha akamnyooshea wifi yake kilichobaki.

"Mama Carmel, kamata. Njia ingali ndefu."

"Nimeshiba," Inès alinijibu mimi.

Pascasie aliumaliza mkate wote bila kinyongo usoni. Nilitamani anipe mimi, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kibanda cha pili ndicho cha biashara. Nyuma yake zabibu zilikuwa zimeanikwa juu ya sakafu ya saruji pana kuliko uwanja wa kanisa, zikinuka sukari na vumbi. Pascasie alichota konzi, akaibana ngumi, akaiachia. Zikiachana zimekauka, zikibaki bonge zitaota ukungu kabla ya kufika Johannesburg. Alikataa gunia moja, akalikataa la pili, akachukua la tatu, na mwenye shamba hakubisha. Inès alikaa garini, mlango wazi, akijipepea na karatasi. Jua la kule halina adabu. Nilimsikia tumbo likinguruma, na alijua nimesikia.

Kibanda cha tatu hakikuwa na mtu. Ilikuwa meza tu chini ya mgunga, kikapu cha tini mbichi, kopo la kuwekea pesa, na nyuma ya waya mbuzi kadhaa wametukodolea macho. Hakukuwa na mama wa kofia wa kumlisha Inès kwa kisu. Alitazama kikapu muda mrefu. Kisha akachagua tini moja, akaifuta kwa kitenge, akaiuma. Nikaona mabega yake yanashuka.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimgeukia Pascasie, akamnyooshea ileile tini, imeumwa nusu.

"Zimeiva," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe tangu msiba. Nilielewa maana yake, na Pascasie alielewa zaidi yangu. Inès ndiye aliyeonja safari hii. Yeye ndiye aliyejitia mahali pa mtu anayeshukiwa. Nilifurahi, nikadhani mambo yameisha, tutakuwa tunasafiri kama binadamu.

Pascasie hakuipokea.

"Mama Carmel, lile neno ulilisema mbele ya watu," alisema, na hakupandisha sauti. "Hii tini unanipa mbele ya mbuzi."

Akatia pesa zake koponi, akachagua tini yake, akaila akiwa amesimama.

Mbele tulisimama kwenye kituo cha petroli. Pascasie alipoenda msalani, Inès alinishika mkono. Alikuwa analia kwa hasira.

"Baba Carmel, umeona? Nimemuomba kwa heshima, anakataa. Anataka nimupigie magoti?"

"Hujamwomba kitu," nikamwambia. "Umempa tini."

Akauachia mkono wangu.

Upington tulikaa siku chache. Mtoto ni mzuri, ana kichwa cha ukoo wangu, masikini. Jumamosi kulikuwa na soko la wakulima, mahema meupe yamejipanga, matikiti, nyama kavu ya biltongi ikining'inia, asali. Pascasie alizunguka akinunua, na Inès alimfuata nyuma, akambebea mfuko wa tende bila kuombwa. Pascasie alimshukuru kama unavyomshukuru mchukuzi. Nilimwonea mke wangu huruma, kisha nikakumbuka ile foleni iliyoisha nje ya kanisa, nikamwonea kidogo tu.

Tukarudi. Jumapili, baada ya ibada, Pascasie alikuwa nyuma ya meza yake na wanawake walikuwa wanageuza mifuko kama kawaida. Inès alipenya katikati yao.

"Pascasie, dimanche ijayo upike. Maharage na ndagala."

"Nani atakula?"

"Miye."

Wanawake waliacha kugeuza mifuko. Sidhani kama kuna aliyekosa ibada Jumapili iliyofuata. Hata waliohamia mbali, kule Midrand, walikuja. Warundi ni watu wa Mungu, lakini hawakuja kwa ajili ya Mungu siku ile.

Pascasie alileta sufuria moja, akaifunua mezani. Alipakua sahani, akachukua kijiko, akakichovya ili aonje yeye kwanza. Hakufanya kwa kumkomoa mtu. Miaka mitatu ilikuwa imemzoesha hivyo. Nilipoona jinsi mkono wake ulivyokwenda wenyewe, moyo uliniuma.

Inès alimshika kiganja kabla kijiko hakijafika mdomoni.

"Acha kuonja." Kisha akawageukia watu. Sauti yake ilifika hadi barabarani. "Damien ameuliwa na mafigo. Dokta aliniita miye wa kwanza, akaniambia, mbele hata ya kumuambia Pascasie. Siku nilipouliza lile swali, nilikuwa nimekwisha jua."

Mimi sikuwa najua. Nimelala na mwanamke huyu kitanda kimoja miaka yote hiyo na sikujua. Niliona aibu kwa ajili yake, na nilimwonea fahari pia, vyote kwa pamoja.

Mama Marthe, mzee wa kanisa, ndiye aliyeuliza. "Sasa mwanangu, mbona ulisema?"

"Nilitaka pawe na mutu wa kuchukia, Mama. Figo huwezi kuichukia."

Inès akaigeukia sahani. Alichukua kijiko mkononi mwa Pascasie, akala kwa kusimama, haraka, ndagala na maharage, machozi yakidondokea sahanini. Alikula hadi sahani ikawa nyeupe, na watu wote wakimtazama.

Nilimtazama Pascasie. Nilidhani atalia, au atamkumbatia, kama wanawake wanavyofanya kanisani. Hakufanya hivyo. Alingoja Inès amalize, akapokea sahani, akamtajia bei, ileile ya mteja yeyote.

Inès akalipa, akaomba sahani ya pili. Nyuma yake Mama Marthe alikuwa amekwisha simama kwenye foleni.