Kilo Themanini na Tatu

Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, mpima mizani wa ghala la nafaka alivua viatu na kupanda juu ya mizani yake. Mizani ilisema sitini na nne. Yeye akasema kwa sauti, "Sitini na nne," wapagazi wakaitikia, "Sitini na nne," na kazi ikaanza. Ndivyo mizani ilivyothibitishwa katika ghala lile. Uzito wa mpima uliandikwa kwenye daftari la getini, na kanuni ilikuwa moja: ukizidi au ukipungua kilo mbili, hugusi gunia mpaka ulete maelezo ya maandishi. Kwa miaka saba hakuzidi wala hakupungua. Wapagazi walimwita Nusukilo, kwa sababu gunia likipungua nusu kilo alilirudisha, hata kama ni la shemeji yake. Liliwahi kuwa la shemeji yake.

Kabla ya kupewa mizani alikuwa mpagazi kwa miaka kumi na mmoja. Siku ya kwanza kazini, mpagazi mkongwe alimwambia, "Mzigo haubebwi kwa mabavu. Tanua miguu, nyoosha mgongo, pumua kwa tumbo, halafu tulia. Mzigo wenyewe utachoka." Hakuwahi kusahau.

Jumanne moja, saa kumi jioni, alikuwa anarudi nyumbani amevaa shati la bluu. Mtaa ule ule alikuwemo mtu mwingine mwenye shati la bluu, ambaye alikuwa ameiba pampu ya maji. Koplo mmoja, aliyemaliza mafunzo ya ukamataji wiki tatu zilizopita na kushika nafasi ya kwanza darasani, alimwona Nusukilo akamwamuru alale chini. Nusukilo akalala. Koplo akamwekea goti mgongoni.

Chuoni kwao mkufunzi mkuu alikuwa na somo moja alilolirudia kila siku. "Ukishamlaza chini, weka uzito wako wote. Usibakize." Koplo alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakubakiza.

"Nimeshalala, afande," alisema Nusukilo, mdomo ukiwa vumbini.

"Usinifundishe kazi."

Baada ya dakika saba askari mwenzake alikuja kusema mwizi amekamatwa mtaa wa pili, pampu ikiwa begani. Koplo akainuka. Aliinuka kupita kiasi, kama shibiri moja juu ya ardhi, akashika uzio wa nyumba ya watu na kujivuta chini. Nusukilo yeye aliinuka polepole. Alihisi goti bado lipo. Akageuka kutazama, hakukuwa na mtu. Akatanua miguu, akanyoosha mgongo, akapumua kwa tumbo, akaenda zake nyumbani.

Alipokaa kitandani, kitanda kikavunjika. Mkewe, fundi cherehani, alikuja na sindano mdomoni.

"Baba Pacha, umekula nini huko?"

"Sijala."

"Basi umebeba nini?"

"Polisi."

Mkewe akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye pazia, akatandika godoro chini. "Kitanda chenyewe kilikuwa kinapiga kelele," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi mizani ilisema mia moja arobaini na saba. Hakuna aliyeitikia. Msimamizi wa ghala alileta mawe ya chuma yenye mhuri, akayapanga juu ya mizani moja baada ya jingine, na mizani ikayataja yote bila kukosea.

"Mizani nzima," alisema msimamizi. "Mbovu ni wewe. Umezidi kilo themanini na tatu."

"Ni za askari. Aliniwekea jana."

"Sibishi. Ila kanuni unaijua, ndugu yangu. Lete karatasi inayosema hivyo, nao polisi waitie saini. Nakupa siku kumi na nne. Zikiisha nampa mizani mtu mwingine." Msimamizi alikohoa kidogo. "Na mtu mwenyewe ni shemeji yako."

Nusukilo alikwenda kituoni. Askari wa zamu alifungua faili akamsomea: mtuhumiwa alianguka mwenyewe, hakuna nguvu iliyotumika.

"Weka saini hapa, mzee, tumalizane."

"Na hizi kilo themanini na tatu zilianguka pamoja na mimi?"

"Labda ni mwili tu. Umri ukienda, mwili nao unakuja."

Shati la Nusukilo lilimning'inia kama liko kwenye kamba. Alitazama nyuma ya kaunta. Koplo alikuwa amekaa pembeni, mkanda wake umefungwa kwenye mguu wa kabati la mafaili. Joto lilikuwa kali, lakini feni ilikuwa imezimwa kwa ajili yake.

"Afande yule ana kilo ngapi?"

"Hilo ni swali la ndani," alisema askari wa zamu.

Koplo alitazama sakafu. Nusukilo hakuweka saini.

Siku ya tisa alitembelewa na mama mmoja mtu mzima, ambaye alipewa kigoda, akakaa na kupangusa jasho. Alikuwa mama yake koplo.

"Mwanangu, nimekuja kuomba kilo za kijana wangu."

"Mama, mimi sikuzichukua. Aliziweka mwenyewe."

"Najua. Juzi nimemfunga na kamba ya nguo ndipo akaweza kuoga. Majirani wanadhani nimeanika."

"Aje aandike kwamba aliziweka. Sitaki kingine."

"Wamemkataza. Akiandika hana kazi."

"Na asipoandika sina kazi mimi."

Cherehani ilinyamaza chumba cha pili. Mkewe Nusukilo alikuwa anasikiliza.

"Basi muache mtoto," alisema mama. "Mtoto alitumwa. Mwendee aliyemfundisha."

Siku ya kumi na nne, saa mbili asubuhi, Nusukilo alifika kwenye geti la chuo cha polisi. Alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa na lile shati la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi. Geti lilikuwa wazi, kwa sababu gari la mkuu wa chuo lilikuwa linatoka. Mkuu alikuwa anakwenda kutoa mada kuhusu ukamataji wa kisasa. Nusukilo alisimama katikati ya geti, akatanua miguu. Dereva akapiga honi.

"Naomba karatasi," alisema Nusukilo.

Kurutu arobaini walikuwa kwenye uwanja wa mazoezi hatua thelathini kutoka hapo, wamepangwa mistari. Mkufunzi mkuu, mtu wa filimbi shingoni na suruali yenye mkunjo mkali, alikuja kutazama, akaonekana kufurahi.

"Vizuri," aliwaambia kurutu. "Somo limekuja lenyewe. Huyu mtu anazuia njia. Mmoja mmoja, mtoeni. Tunawekaje?"

"Uzito wote, afande."

"Tunabakiza?"

"Hatubakizi, afande."

Kurutu wa kwanza alikuja mbio akamning'inia shingoni. Nusukilo alinyoosha mgongo. Miaka saba ya mizani ilikuwa imemfundisha mwili, hakuhitaji tena kusoma namba.

"Sabini na moja," alisema kwa sauti.

Mstari uliobaki ulikuwa umezoea kurudia kila kinachosemwa. "Sabini na moja!" uliitikia.

Kurutu yule alipoachia shingo hakushuka. Upepo mdogo ulimchukua ukamweka kwenye wavu wa voliboli, akanasa hapo kwa vifungo vya sare. Mkufunzi akapuliza filimbi. Wa pili akaja akamdaka mkono. "Sitini na nane." Wa tatu akamrukia mgongoni. "Sabini na tano." Wa nne na wa tano walipewa ruhusa ya kuja pamoja, na Nusukilo akawatenganisha bila shida: sitini na sita yule mfupi, themanini yule mwenye meno mazuri. Kila namba iliitikiwa. Wa sita alichuchumaa akamkumbatia magoti, akavuta kwa moyo wake wote, na wote wanajua kwamba alivuta kwa moyo wake wote, kwa kuwa viatu vilimtoka alipopaa.

Lami chini ya Nusukilo ilibonyea ikafika kwenye vifundo vyake. Yeye alipumua kwa tumbo, akatulia. Kwenye wavu walikuwa sita, wamepangana kama nguo za familia kubwa.

"Wa saba!" alisema mkufunzi.

Wa saba alikuwa msichana wa mstari wa nyuma. Alitembea, hakukimbia. Alisimama hatua mbili mbele ya Nusukilo, mikono ikionekana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Unahitaji nini?"

"Karatasi."

"Iandikwe nini?"

Nusukilo akamwambia. Ilichukua muda ambao mtu anaweza kufunga kamba za kiatu kimoja. Msichana akaenda kwenye dirisha la gari, akamweleza mkuu wa chuo, na mkuu akatazama saa yake.

"Mwandikieni," alisema.

"Mkuu," alisema mkufunzi, "tukiandika tutakuwa tumekiri."

"Kukiri nini? Ni kilo tu. Nimechelewa. Tia saini."

Msichana aliandikia juu ya boneti. Aliandika kwamba mpima mizani wa ghala la nafaka aliwekewa na koplo kilo themanini na tatu, mpima akiwa amelala chini na hana kosa, na kwamba kilo zilizoongezeka leo aliwekewa na kurutu sita akiwa amesimama na hana silaha, zote kwa mujibu wa mafunzo. Mkufunzi mkuu alisaini. Mhuri ukagongwa. Nusukilo aliisoma karatasi kuanzia juu hadi chini, kisha akairudisha.

"Wa mwisho umemwandikia sabini na tatu," alisema. "Ni sabini na tatu na nusu."

Dereva akazima injini. Ikarekebishwa, ikasainiwa tena, ikagongwa mhuri tena. Nusukilo akang'oa mguu mmoja kwenye lami, kisha wa pili, akaliachia gari njia.

Wapagazi kumi na wanane walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, wameacha magunia yao. Walivuka kwa shangwe wakataka kumbeba mabegani. Hawa walikuwa watu wa kazi, walijua kuinua, wakashika kwa pembe nne na kuhesabu moja, mbili, tatu. Hakusogea hata unywele. Basi wakabeba kofia yake. Waliiinua juu ya mikono yao wakaipitisha mitaani kwa nyimbo na mluzi, na mwenye kofia akaifuata nyuma taratibu, karatasi mkononi, akiacha nyayo. Watu walitoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu kichwa. Mama yake koplo alisimama kando ya njia akapiga vigelegele mara moja tu, halafu akafunika mdomo.

Ghalani shemeji alikuwa ameshavua viatu na kupanda juu ya mizani.

"Shemeji! Nilikuwa nakushikia tu nafasi."

"Shuka."

Alishuka. Nusukilo akapanda. Mizani ile ilitengenezwa kubeba tani moja na haikuona ajabu. Ilisema mia tano themanini na nusu. Msimamizi alisoma karatasi, akatoa kwa vidole, akabaki na sitini na nne. Akaipigilia ukutani kwa misumari minne.

"Sitini na nne," alisema Nusukilo.

"Sitini na nne!" waliitikia wapagazi, na mavumbi yakaanguka kutoka kwenye paa. Hiyo ndiyo siku ghala lilipakua malori tisa kabla ya adhuhuri.

Mwezi uliofuata lori la chuo cha polisi lilileta mchanga upimwe. Ulikuwa umefungwa kwenye mifuko, na kila mfuko una namba ya mtu. Dereva alieleza huku akijipepea kwa orodha. Mkufunzi ni yule yule na somo ni lile lile, isipokuwa sasa kurutu akitoka zoezini anavishwa mchanga wake papo hapo, na uwanja mzima umezungushiwa kamba za kushikia. Darasa jipya limeongezwa kufikia watu mia mbili. Yule msichana wa mstari wa nyuma alipata sifuri katika ukamataji, anarudia mwaka. Anafanya kazi ya kuwavuta wenzake kutoka kwenye wavu.

Nusukilo alipima mifuko yote. Wa mwisho ulikuwa wa koplo. Karatasi ilisema themanini na tatu. Mizani ilisema themanini na mbili na nusu.

"Rudisha," alisema.

"Mzee, ni mchanga," alisema dereva. "Nusu kilo ya mchanga. Pitisha twende."

"Rudisha."

Koplo mwenyewe alikuwa nyuma ya lori, ameshika ubao kwa mikono miwili, miguu ikipepea kidogo. Tangu siku ya goti, ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kuonana bila kaunta.

"Mzee yuko sahihi," alimwambia dereva, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magunia ya nyuma. "Nilikuwa themanini na tatu kamili."

Wapagazi wakaacha kazi wakageuka.

"Najua," alisema Nusukilo. "Ninazo."