Kivuli cha Herio

"Hoy! Hoy! Rudi huku, mwendawazimu wee!"

Mzee Abdille alimzuia kuku mwekundu kwa fimbo yake ya kuchungia ngamia, akamsukumia kwenye kona ambako wenzake walikuwa wamekwisha kubanwa. Jua la mtaa wa Waberi lilikuwa utosini. Tangu asubuhi kuku walikuwa wametawanyika uani, kila mmoja kajichimbia shimo lake mchangani, mbawa wazi, mdomo wazi, na mzee aliona aibu kwa niaba yao. Mnyama mwenye akili, jua likikaza, humfuata mwenzake. Ngamia hulala ubavu kwa ubavu, huyu akimkinga huyu, mpaka alasiri ipoe. Nani asiyejua hilo?

Kuku hawakujua, basi akawafundisha. Aliwabananisha chini ya kipande cha mabati, akaziba kwa matawi ya miiba kama zizi, kisha akaenda msikitini kuswali adhuhuri, akijiona mwanamume kwa mara ya kwanza tangu ukame.

Ukame ule ulimaliza ngamia wake wote kule upande wa Habaswein. Mkewe Maka hakukaa kulia. Walipohamia mjini alitafuta kuku, akawa anawauzia mayai wenye vibanda vya chai, na mayai hayo ndiyo yaliyowaweka hai. Abdille alikula wali ulioletwa na kuku, lakini kuku wenyewe aliwaita "hao ndege wako". Kutwa alikaa ndani akitazamana na herio, ile mikeka minene iliyokuwa nyumba yao porini, waliyoipakia ngamia kila walipohama. Ilikuwa imekunjwa, imefungwa kamba, imeegemezwa ukutani. Mvua ikinyesha vizuri tutarudi, alisema, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Alfajiri hiyo ilikuja habari kwamba binti yao Warsan amejifungua huko mtaa wa Galbet. Maka hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia nyumba.

"Baba Warsan," alimwambia mlangoni, "nakuachia kuku. Tafadhali, niwakute hai."

Alisema kwa upole tu, lakini neno lile lilimchoma mzee. Mifugo iliyomfia mikononi ilikuwa imetosha.

Aliporudi kutoka msikitini hakusikia sauti ya kuku hata mmoja. Aliitupa miiba kando. Kuku walikuwa wamelaliana, wakitweta, na yule mwekundu, mtagaji aliyependwa na Maka kuliko wote, alikuwa ameanguka ubavu, shingo imelegea.

Abdille alikimbilia kisu. Mnyama anayekata roho huchinjwa haraka, la sivyo anakuwa nyamafu na haliwi. Ndivyo alivyomchinja ngamia wake wa mwisho, akisoma Bismillahi huku machozi yanamtoka. Alimshika kuku, akamwelekeza kibla, na mkono ukakataa. Mzee mzima, aliyewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, alimwogopa kuku asiye na uzito wa kiatu.

"Mama Mwende!" aliita juu ya ua kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Kuja haraka! Kuku nakufa!"

Jirani yao Mkamba, aliyemfundisha Maka kufuga, alichungulia akiwa na unga mikononi.

"Woi, mzee! Nani amewafungia hivyo? Kuku akigusana na mwenzake hapati hewa. Watawanye! Na huyo weka miguu yake kwa maji."

"Na kama nakufa kwa maji? Mimi bado chinja. Itakuwa haram."

"Basi itakuwa haramu. Na ukimchinja, kesho atataga?"

Abdille aliweka kisu chini, akatumbukiza miguu ya kuku kwenye beseni na kumlowesha kishungi kwa vidole. Wengine walitimua mbio kurudi kwenye mashimo yao, lakini jua lilikuwa limegeuka na kuyafikia, na mabati yalikuwa yakichoma.

"Tundika gunia lililoloa," Mama Mwende alisema, "upepo upitie hapo."

"Gunia hakuna."

"Basi chochote, mzee. Kitu chochote kinachoshika maji."

Mzee alitazama mlango wa nyumba yake. Aliingia ndani, kuku mkononi, akaanza kufungua kamba.

Maka alirudi jua likiwa limelegea. Alisukuma geti, akasimama palepale. Herio ilikuwa imetandazwa kutoka kwenye mabati hadi kwenye ua, ikichuruzika maji. Kuku walikuwa chini yake, kila mmoja na shimo lake. Mumewe alikuwa ameketi mchangani katikati yao, kuku mwekundu mapajani. Kuku alikuwa amefunga mdomo, na jicho lake lilikuwa likimfuata nzi.

"Niliwabana kama ngamia," mzee alisema bila kumtazama. "Karibu niwamalize, Maka."

Maka alikwenda kwenye mikeka, akaiwekea kiganja. Maji yalikuwa yameiamsha harufu yake ya zamani: moshi, maziwa, jasho la ngamia. Alisimama akiinusa.

"Mtoto?" mzee aliuliza.

"Wa kike. Mzima. Ana pua yako, maskini."

Mzee alicheka kidogo, kuku akatikisika mapajani mwake. Maka alifunga shungi lake vizuri, akainua dumu la maji kwa mikono miwili.

"Hapa juu pameanza kukauka," alisema, akamimina.