Tapeti Kava Katika Sufuria ya Wali

Sabra aliporudi kutoka kisimani alikuta sufuria yake kubwa imetelekwa, inatokota, na moyo ukamlainika. Leo mumewe Shaibu kamwonea huruma, kampikia. Akatua ndoo, akafunua.

Mvuke uliompiga usoni ulinuka oili iliyoungua, sabuni ya unga na maji ya dagaa waliooza. Ndani, katika povu la rangi ya tope, kilikuwa kimelala kitu kirefu cha chuma, kimegandwa na masizi kama lami. Vibonge vya grisi vilielea juu yake mithili ya mafuta ya mchuzi uliolala. Aliwahi kufika mlangoni tu, akatapika.

"Usiitie mkono," Shaibu alisema, akitokea uani na koleo. "Tapeti kava hiyo, mfuniko wa juu wa injini. Ikichemka uchafu unaachia wenyewe."

"Katika sufuria yangu ya wali?"

"Nitaiosha."

Shaibu alikuwa na pikapu ya kubebea dagaa hapo Kilindoni. Maji ya samaki yalikuwa yakivuja kila mahali, na chumvi imeila injini mpaka ikaota unga mweupe. Sasa Bwana Sleyum, mfanyabiashara, alikuwa anamwoza bintiye, naye akasema pikapu ikisafishwa ndiyo itakayotangulia msafara, imebeba wapiga matarumbeta. Shaibu akaosha bodi, akapaka matairi rangi, hata hivyo asitosheke. Alikuwa ameona kwenye simu magari ya vijana wa mjini, boneti ikifunguliwa injini inametameta kama kioo. Naye akataka hivyo hivyo.

"Nani atafungua boneti harusini?" Sabra alimuuliza.

"Mimi nitafungua."

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Akitoka pwani hukaa uani, mfuniko mapajani, akiusugua kwa msasa na maji, kisha kwa stilwaya ya Sabra ya kusugulia vyombo, kisha kwa ndimu na majivu. Kadiri chuma kilivyozidi kung'aa ndivyo kilivyozidi kutoa uji mweusi, unaoteleza, ambao ukishika kitu hautoki. Ulikuwa kwenye kata ya maji, kwenye komeo la mlango, kwenye pindo la kanga aliyokuwa akiswalia. Asubuhi moja Sabra alitia mswaki kinywani akahisi mchanga, kisha uchachu wa chuma, kisha oili. Shaibu alikuwa ameutumia kuchokolea matundu ya nati. Sabra alisukutua kwa maji ya chumvi mpaka fizi zikawaka, na bado kila akimeza mate aliisikia ile ladha.

Lililomshinda kabisa lilikuwa kula naye sahani moja. Shaibu alinawa, ndiyo, lakini kucha zake zilibaki na ukingo mweusi. Vidole hivyo vilipobana tonge na kulichovya, Sabra aliona utando wa rangi rangi ukitanda juu ya mchuzi. Pengine haukuwepo. Alisukuma sahani, akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Habari za kutapika zilifika Miburani kwa mama mkwe wake, Mwanamkuu. Naye hakukawia. Alikuja na ukwaju na maembe mabichi, uso umemchangamka, maana tangu waoane hawakuwa wamepata mtoto.

"Mimba changa hiyo," alisema. "Nilipomchukua huyu Shaibu, babake akipita nilikuwa naziba pua."

"Mama, sina mimba. Nina oili."

Mwanamkuu akacheka, akampapasa mgongo. Kukana kwake alikuchukua kuwa ni kujikinga na kijicho. Shaibu naye alikwisha kuwaambia watu gatini, na Sabra, aliyekuwa katika siku zake wiki ile ile, alipewa pole na hongera njia nzima. Ikawa karaha juu ya karaha.

Ijumaa mama mkwe alikuja kula. Sabra aliitoa ile sufuria.

"Uliiosha?" alimuuliza mumewe.

"Imetakata. Inang'aa kuliko ulivyoinunua."

"Haya."

Akapika wali wa nazi humo humo. Tui lilipochemka lilikamata rangi ya kijivu. Alipakua, akaandaa mkekani, sufuria ikiwa kando, akakaa pembeni, mikono pajani.

Mwanamkuu alipiga bismillahi, akatia tonge kinywani. Taya zikasimama. Akalitema kiganjani, akalitazama. Shaibu, kwa haya, alilimeza la kwake zima zima, akanyoosha mkono kutafuta maji. Mama mkwe aliivuta sufuria, akainusa, akaparuza ukingo wake kwa ukucha. Ukucha ukatoka mweusi.

"Shaibu, umepika gari humu?"

"Kidogo tu, mama."

Mwanamkuu alisukutua mara nyingi. Kisha akamgeukia Sabra, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa hiyo hakuna mtoto."

"Hakuna, mama. Nilikwambia."

"Uliniambia."

Sabra alikuwa ametazamia kufurahi. Badala yake, alipomwona yule mzee akijifuta ulimi kwa ncha ya mtandio, kinyaa kilimgeukia mwenyewe. Kumlisha mama wa watu uchafu ili apate kusadikiwa. Akaomba radhi. Mwanamkuu alimwambia avae, waende Miburani wakale chakula cha watu.

Siku ya harusi Shaibu alifungua boneti mbele ya nyumba ya Bwana Sleyum. Wanaume walizunguka, Bwana Sleyum mwenyewe akainama kutazama, akasema hajaona injini kama hiyo. Sabra aliitwa, akaja. Kweli mfuniko uling'aa, mweupe kama fedha, hauna hata doa. Harufu ya oili ikamfikia, akahamia upande upepo unakotoka.

Tangu hapo Shaibu huchezea vyuma vyake gereji kwa rafiki yake Abubakari. Amemnunulia mkewe sufuria mpya, na kabla ya kuingia ndani hunawa kwa ndimu, akamwonyesha viganja na kucha. Sabra huvikagua, humpakulia, kisha huchukua sahani yake akala peke yake jikoni.

"Mpaka lini?" Shaibu alimuuliza siku moja.

"Sijui. Mimi nimekwisha kusamehe. Tumbo ndilo halijasikia."

Shaibu aliinamisha kichwa, akaendelea kula.