Jina la Aliyejaza Fomu

Watu walimwita Mama Fomu, na yeye hakukataa. Miaka ishirini na mbili alikaa na meza yake kwenye kibaraza cha ofisi ya wilaya, kalamu tatu ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, pedi ya wino kwa wasiojua kutia sahihi, na katoni mbili za sabuni zilizojaa fomu alizotoa fotokopi mwenyewe. Maana ofisini, jamani, fomu huwa zimekwisha. Ukienda dirishani utaambiwa uje Jumatatu, na Jumatatu utaambiwa umechelewa. Kwa Mama Fomu haziishi. Ya mirathi anayo, ya kitambulisho kilichopotea anayo, ya kuoa anayo na ya kuachana anayo, na akiwaona wachumba wanacheka sana huwatania awape zote mbili kabisa, wasisumbuke kurudi.

Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Nyuma ya kiti chake, kisogoni kabisa, palikuwa na ubao wa matangazo wenye wavu wa waya. Yeye kugeuka kuusoma? Thubutu. Alisema ubao ni wa wasiojua, na hao wasiojua ndio wanaokuja kwake.

Jambo moja tu hakulifanya. Chini kabisa ya kila fomu kuna mstari: jina la aliyejaza kwa niaba ya mwombaji. Huo aliuacha wazi siku zote. Maofisa hawapendi watu wa nje wenye kujua mambo yao, na mwenye akili hachomi kidole chake ili aone kama moto ni moto. Tena nyumbani alikuwa na mume aliyepooza upande mmoja, mwaka wa nne sasa, wa kugeuzwa kitandani asubuhi na jioni, na ni meza ile iliyomlisha na kumnunulia dawa.

Sasa huyu Mama Fomu alikuwa na kaka yake. Wazazi walipofariki yeye alikuwa darasa la tatu, kaka ana miaka kumi na saba. Kaka akaacha shule, akaingia porini kutega kanga na sungura ili dada yake avae sare. Alisema hawawezi kuwa wajinga wote wawili, mmoja asome, mmoja awinde. Tangu siku hizo akamwita Karani, kabla hata hajajua kuandika barua. Baadaye akavuka mpaka, akapata kazi kwenye shamba la wanyama nchi jirani, akakaa huko miaka thelathini na mmoja.

Kwenye simu hakuchoka kumsimulia. Kule kuwinda ni haki ya kila mkazi, mradi afaulu mtihani apewe kadi. Bunduki inalala nyumbani kwa mwenyewe, ndani ya kabati la kufuli mbili. Msimu ukifunguliwa unakwenda, ukifungwa unarudi, na ukipiga jike mwenye mimba kadi wanaichukua. Mama Fomu alimjibu kwamba huku kwetu mtu akionekana na manati tu anaulizwa anaipeleka wapi. Wakacheka wote wawili mpaka salio likakatika.

Kaka akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa, akataka kurudi kwenye shamba la wazazi ambako ngiri walikuwa wanakula mihogo kana kwamba wameipanda wao. Mwenye shamba la wanyama alimzawadia bunduki ya mitutu miwili, ile ile aliyoitumia miaka yote, na kadi ya bunduki ikabadilishwa jina likawa lake. Akapiga simu kuuliza. Aje nayo, au aiuze huko huko aje mikono mitupu? Hata kuiuza hakuona vibaya, alitaka tu kujua sheria ya nyumbani inasemaje.

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Neno moja tu lingetosha, uza, na leo nisingekuwa na hadithi.

"Uiuze ya nini?" Mama Fomu alisema. "Wewe huna cha kuficha, kaka. Ukifika mpakani nenda dirishani mwenyewe, iweke mezani, toa na fomu. Fomu niachie mimi."

Ilikuwa chini kabisa ya katoni ya pili, fomu ya kuingiza silaha. Labda aliwahi kuijaza mara nne maishani, na mara ya mwisho ni miaka tisa iliyopita. Maelekezo yalisema silaha ionyeshwe kwa ofisa wa mpakani pamoja na fomu hii. Akaijaza kwa herufi kubwa, mwandiko wake ule uliosifiwa wilaya nzima, aina ya silaha, namba ya mtutu, sababu ya kuimiliki. Mstari wa chini akauacha wazi. Akaituma kwa basi hadi nyumba ya wageni ya ng'ambo ya mpaka, na kaka akaweka sahihi yake iliyokwenda upande.

Asubuhi ya pili kaka alivaa shati safi, akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika alisalimia, akaweka begi la bunduki kaunta, akalifungua, akaikunja mitutu waone kwamba haina kitu ndani. Akatoa kadi yake ya kule, akatoa fomu. Ofisa aliigeuza fomu mbele na nyuma, akamuuliza mzee kaitoa wapi. Kisha akaita askari wawili.

Habari zilipomfikia Mama Fomu, siku hiyo ndipo alipogeuza kiti. Tangazo lilikuwepo, limepauka kwa jua, lina miezi kumi na mmoja pale kisogoni kwake. Fomu ya zamani imefutwa. Mwombaji atume maombi kwanza, asubiri kibali chenye muhuri, ndipo silaha ivuke. Atakayefika mpakani na silaha bila kibali amekutwa na silaha kinyume cha sheria, awe ameitangaza au ameificha. Alilisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Akakaa chini, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri akawaambia leo hajisikii vizuri.

Alimtafuta karani wa mahakama, mwanamke waliyekuwa wakiazimana kalamu na pini, akamweleza kana kwamba ni mambo ya mtu mwingine. Mwanamke huyo hakuwa mjinga, lakini alikuwa na adabu, akamjibu kana kwamba ni ya mtu mwingine kweli. Alisema aliyejaza fomu akisimama mbele ya hakimu akasema huyu mzee hajui kusoma vizuri, mimi ndiye niliyempotosha kwa fomu iliyofutwa, basi mzee anaweza kutozwa faini na kunyang'anywa bunduki, akaenda zake. Wapo waliookolewa hivyo. Ila huyo atakayesimama naye ajue kwamba anajishtaki. Meza yake itaondolewa siku hiyo hiyo, na ikibidi ataingia ndani yeye.

Mama Fomu alikwenda mahabusu. Wakaongea kupitia wavu, na safari hii hakuficha kitu, alimweleza kaka yake yote, ubao, tarehe, katoni ya pili. Kaka alisogea karibu na wavu. Alikuwa amekonda, na shati lile safi alikuwa nalo bado, ila si safi tena.

"Jina lako liko kwenye ile fomu?"

"Halipo."

"Basi kaa kimya, Karani."

Mama Fomu akasema atasimama mahakamani, lazima atasimama. Kaka akamuuliza nani atamgeuza shemeji kitandani. Mama Fomu akalia mbele ya watu, na askari akawaambia muda umekwisha. Njiani kurudi aliapa. Aliapa kwa kaburi la mama yao kwamba siku ya kesi atasimama, na liwalo na liwe.

Siku ya kesi alikaa benchi la tatu. Alikuwa amempikia mume chakula cha siku mbili na kumwachia jirani ufunguo, kwa hiyo usiseme hakukusudia. Mwendesha mashtaka akainua fomu juu, akamuuliza mshtakiwa nani aliyeijaza. Mama Fomu akashika benchi la mbele kwa mikono miwili. Magoti yalikuwa yameshaanza kunyooka.

"Nimejaza mwenyewe," kaka alisema, bila kugeuza shingo.

Mwendesha mashtaka alifurahi, na kwa nini asifurahi? Alisema basi mzee anajua kusoma na kuandika, anajua taratibu, na mwenye kujua taratibu hawezi kusingizia ujinga. Kule alikotoka mzee ana kadi halali, ni kweli, lakini sheria ya jirani haifuati mtu ng'ambo ya mpaka. Hakimu akaomba kuiona fomu. Aliitazama kwa muda.

"Una mwandiko mzuri, mzee."

"Nashukuru, mheshimiwa."

Watu wawili watatu wakacheka. Mzee ambaye kuandika jina lake tu kulimtoa ulimi nje! Hapo ndipo palipokuwa pake Mama Fomu. Hakuna aliyemziba mdomo wala kumfunga miguu. Angesema tu huo mwandiko ni wangu, nipeni karatasi niwaandikie, na mahakama nzima ingeona. Akamwona mawazoni mumewe, kitandani, akiangalia mlango. Akaiona meza yake imebebwa miguu juu. Magoti yakarudi, akakaa, akashika mkoba wake mapajani. Usimhukumu haraka, lakini na kumsamehe haraka usimsamehe.

Miaka kumi jela. Kaka alikuwa na miaka sitini na minne. Bunduki itaifishwe, ana siku thelathini za kukata rufaa. Alipopitishwa mlangoni alimwangalia dada yake mara moja, akamkonyeza, kama zamani alipomletea mguu wa sungura akamwambia kwamba yeye ameshashiba.

Mama Fomu akarudi mezani. Fomu ya rufaa alikuwa nayo, na safari hii aligeuka akahakikisha kwenye ubao kwamba ni yenyewe. Akaijaza usiku ule ule wa kwanza, jina, namba ya kesi, gereza, adhabu. Ikabaki sehemu ya sababu za rufaa. Sababu ilikuwa moja tu, na yeye ndiye aliyeijua. Akaiweka chini ya pedi ya wino. Kila asubuhi aliitoa, akaifuta vumbi, akasema kesho. Akawajazia watu fomu nyingine zote, na sasa aliusoma ubao kila siku, hata matangazo ya mbuzi waliopotea.

Siku ya thelathini ikafika. Dirisha la kupokea rufaa, hatua ishirini kutoka mezani kwake, hufungwa saa tisa na nusu. Saa nane na robo alikuwa ameshaitoa fomu ya kaka, ameishika kalamu, ameshaandika neno la kwanza, "Mimi". Ndipo akafika mama mmoja na bahasha ya khaki, viatu vimejaa vumbi la safari, akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Fomu. Mwanawe alikuwa amefungwa kwa kukutwa na nyama ya swala, na siku zake za rufaa zilikuwa zinaisha vilevile.

"Nimeelekezwa na mzee mmoja huko gerezani," alisema. "Wanamwita Mwindaji. Anawaambia wote, nendeni kwa dada yangu, hakuna anayejaza fomu kama yeye. Na kasema nikifika nikwambie, ya kwake usihangaike nayo."

Mama Fomu aliirudisha fomu ya kaka chini ya pedi ya wino. Alimwomba yule mama akae, akatoa fomu safi. Jina la mrufani. Namba ya kesi. Alimuuliza taratibu, akamsikiliza, akaandika sababu nne zilizonyooka, kila moja kwa mstari wake, kazi safi ambayo wakili angeilipisha. Angeweza kuifanya kwa nusu saa. Ilimchukua saa nzima, na alijua kwamba inamchukua saa nzima, na alijua kwa nini. Alipofika chini kabisa, kwenye mstari wa jina la aliyejaza, kalamu ilisimama. Akauacha wazi.

Yule mama akaenda mbio dirishani, akapigiwa muhuri, akarudi ameshika risiti kwa mikono miwili. Akamshukuru sana, akasema kweli yule mzee hakukosea, na Mungu ambariki dada mwenye mkono kama huo. Akauliza amfikishie salamu gani kaka yake.

Mama Fomu alifikiri. Kule hatua ishirini, dirisha la rufaa lilishushwa, kitasa kikazungushwa kwa ndani.

"Mwambie nimekusaidia," alisema, akaanza kupanga kalamu zake kwenye kikombe.