Kibarua wa Dobi

Kwa miaka thelathini na mmoja Dobi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Si kola, si pindo, si hata leso. Jambo hilo aliwaambia wateja wapya kabla hawajauliza chochote, na wa zamani aliwakumbusha hata kama walishachoka kulisikia. Kibanda chake kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa mablanketi matatu, kamba mbili za kutundikia, bakuli la maji ya kunyunyizia, na pasi ya mkaa nzito kweli kweli. Pasi ya umeme pia alikuwa nayo, zawadi ya wanawe, lakini ilikaa kwenye boksi lake juu ya rafu. Alisema haina uzito, inapapasa nguo badala ya kuinyoosha.

Moto wa pasi aliupima kwa shavu. Aliinyanyua, akaisogeza karibu na shavu la kushoto, akafumba macho kidogo, na hapo akajua kama ni moto wa hariri au wa jinzi. Shavu hilo lilikuwa jeusi na kavu kuliko la pili. Mkewe alipomtania kwamba kaolewa na mtu mwenye nyuso mbili, alijibu kwamba moja ni ya kazini.

Mwili wake aliuita Kibarua. Mgongo ukimkaza, husema, "Leo Kibarua analeta uvivu." Akisikia njaa saa nne asubuhi, husema Kibarua asubiri, kazi bado. Macho yakimuuma kwa moshi, shauri yake Kibarua. Watu walicheka, naye alifurahi wakicheka, ila hakuwa anatania. Kwa kweli alijiona kama bosi anayekaa mahali fulani nyuma ya paji la uso, na chini yake kuna mtu wa kutumwa, mzito, mvivu, mwenye malalamiko mengi. Walikuwa kama wapangaji wawili wa chumba kimoja wasiosalimiana.

Miaka sita iliyopita yeye na mkewe waliambiwa kliniki kwamba Dobi ana kisukari. Muuguzi alimchoma nyayo kwa kitu chembamba, akamwuliza kama anasikia. Hakusikia. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba miguu imeanza kufa ganzi, kwamba kila jioni lazima aitazame, juu, chini na katikati ya vidole, kwa kioo ikibidi, kwa sababu mguu huo hauwezi tena kumwambia ukiumia.

Dobi alitoka pale anatabasamu. Kwa miaka mingi nyayo zilikuwa zinawaka moto kwa kusimama kutwa, na sasa zimenyamaza! "Mama watoto," alimwambia mkewe njiani, "Kibarua ameacha kulalamika. Hatimaye amejifunza kazi."

Mkewe hakucheka. Alinunua kioo kidogo cha mkononi, na jioni ya kwanza akakaa chini kwenye mkeka, akaupakata mguu wa mumewe na kuukagua kidole kwa kidole. Alifanya hivyo wiki nzima. Wiki ya pili Dobi alikunja miguu yake chini ya kiti.

"Mimi si mtoto wa shule wa kukaguliwa kucha."

"Dakika mbili tu, baba watoto."

"Hainiumi. Ikiuma nitakuita."

Kioo kikawekwa juu ya kabati, kikashika vumbi.

Mkabala na kibanda, ng'ambo ya kichochoro, alikaa fundi viatu kwenye kigoda kifupi, kiasi kwamba watu wote aliwafahamu kuanzia chini kwenda juu. Yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba Dobi anaburuta mguu. "Mzee, soli yako ya kulia inaliwa upande mmoja," alimwambia. Dobi akamjibu, "Wewe shona, mdogo wangu, ukimaliza ndiyo unipime." Basi fundi akashona.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kulikuwa na mashati meupe ishirini na manne ya wahudumu wa hoteli, yanatakiwa saa kumi alasiri. Kitasa cha pasi kilikuwa kimelegea tangu mwezi uliopita, na Dobi alikuwa amekifunga kwa waya. Alikuwa amefika shati la kumi na tano, anachochea makaa, anafunga tena, anaendelea, mara akasikia harufu ya kitu kinaungua.

Alisimama kama aliyepigwa kofi. Pua yake ilikuwa inajua. Pamba ikiungua hunuka karatasi. Nailoni hunuka ndoo ya plastiki iliyotupwa motoni. Hii ilikuwa harufu ya nywele, na ndani yake mna kitu cha ngozi. Sufu! Kuna sufu inaungua. Lakini leo hakuwa na nguo hata moja ya sufu.

Akaiweka pasi kwenye kiti chake cha chuma, akaanza kupekua. Alifunua mashati yaliyokwisha, moja baada ya jingine, akayanusa kola na makwapa. Alifunua yale yasiyoguswa. Akaondoa blanketi la kwanza, la pili. Harufu ikazidi. Jasho likamtoka. Alijiona tayari amesimama mbele ya meneja wa hoteli, ameshika shati lenye tundu, miaka thelathini na mmoja imeishia hapo.

"Mzee!" Fundi viatu aliita kutoka kwenye kigoda chake. "Kiatu chako kinatoa moshi!"

"Niache kwanza. Kuna nguo inaungua."

"Mzee, nakuambia kiatu!"

"Kiatu nitatazama baadaye, bwana wee! Huoni nimechanganyikiwa?"

Fundi alitupa sindano, akavuka kichochoro, akapita chini ya meza kwa magoti na kukivuta kile kiatu cha kulia. Dobi alikuwa na tabia ya kukanyaga visigino vya viatu, kwa hiyo vilikuwa vimepwaya na mdomo uko wazi. Kaa la moto, si kubwa kuliko punje ya hindi, lilikuwa limedondoka kutoka kwenye pasi na kuingia humo. Lilikuwa limetoboa soksi na kuzama kwenye wayo, pale penye uvungu. Fundi akamwaga bakuli zima la maji. Mguu ukatoa sauti ya chuma cha moto kinapotiwa majini.

Fundi akageuka pembeni na kutapika. Dobi aliinama, akautazama mguu ule kama mzigo ambao mteja ameuacha bila kusema jina. Palikuwa na shimo jeusi. Hakusikia lolote.

"Kwa hiyo," aliuliza, "nguo ziko salama?"

Zilikuwa salama. Alishusha pumzi ndefu ya shukrani, akafunga mguu kwa kitambaa safi, na saa kumi mashati yote ishirini na manne yalikuwa yamenyooka. Fundi alimsihi aende hospitali. Dobi akamwapisha asimwambie mtu, hasa mama watoto, maana huyo akijua atakitoa kioo kabatini na nyumba haitakalika. Fundi akaapa. Hadi leo hajajisamehe kwa kiapo hicho.

Nyumbani Dobi alisema soksi anavaa kwa sababu ya baridi. Siku ya saba, kibandani, akasikia harufu nyingine. Hii ilikuwa ya kitu kilicholoa na kufungwa muda mrefu. Alimlaumu mteja mmoja aliyeleta furushi la mashuka, akayafua yote, akayaanika, akayanusa. Harufu bado ipo. Akayafua mara ya pili kwa sabuni ya unga na maji ya moto, huku akisema kwa sauti kwamba kuna watu hawana aibu, wanaleta vitu vimeoza. Ng'ambo ya pili fundi viatu aliinamisha kichwa juu ya kazi yake.

Siku ya tisa mkewe aliingia chumbani mchana akamkuta amelala na viatu, anatetemeka kwa homa. Akamvua. Soksi ilikuja na vitu ambavyo havikuwa soksi. Akatoka nje kutafuta gari.

Daktari hakuzunguka. Uozo umepanda kifundo cha mguu, mfupa umeingiliwa. Wakate leo chini ya goti, au wiki ijayo wakate juu ya goti, kama atakuwepo.

"Lakini hauumi, daktari," Dobi alisema. "Kweli mguu unaooza si ungeniuma?"

"Ndiyo shida yenyewe, mzee."

Dobi akamgeukia mkewe, akitaka amsaidie kubishana. "Mama watoto, mwambie. Huyu Kibarua namjua, ni deko tu..."

"Nyamaza!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Katika ndoa yao hakuwahi kumwambia neno hilo. "Miaka thelathini na minne nimeishi na huyo Kibarua wako. Yeye ndiye aliyenikumbatia. Yeye ndiye aliyewabeba watoto wetu wakiugua. Yeye ndiye aliyekuwa anachoka, na mimi ndiye niliyekuwa nampa pole, kwa sababu wewe hukuwahi. Wewe ulikuwa unatoa amri tu. Sasa tia saini, kabla hujamwua mume wangu."

Alitia saini. Mkono ulitetemeka, na kwa mara ya kwanza hakuukaripia.

Siku ya tatu baada ya kukatwa, mguu ukaanza kuungua. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua liko dirishani. Alisikia kaa la moto limekaa pale pale penye uvungu wa wayo, linatafuna soksi, linatafuna ngozi, linazama. Maumivu yote ambayo hakuyasikia Alhamisi ile yalikuja na hayakusahau hata chembe. Alipiga ukelele. Muuguzi kijana akaja mbio.

"Mwanangu, toa kaa! Mguu unaungua!"

"Upi, baba?"

"Wa kulia!"

Muuguzi alilitazama shuka, lilivyokuwa bapa kuanzia chini ya goti. Akamshika mkono, akamweleza kwamba hutokea kwa wengi, kwamba mguu huondoka lakini kichwani hubaki, na kwamba wengine hupona baada ya miezi, wengine miaka.

"Alikuwa anasema," Dobi alinong'ona. "Siku zote hizo alikuwa anasema." Na akalia kwa kwikwi, mtu mzima wa miaka sitini na moja, hadi mkewe alipofika na kuweka kiganja chake juu ya shuka, pale ambapo mguu ungekuwa.

Miezi mitano baadaye alirudi kibandani na mikongojo. Fundi viatu alikuwa amemtengenezea kiti kirefu cha kukalia kazini. Pasi ya umeme ilikuwa imetoka kwenye boksi. Kioo kidogo kilikuwa mfukoni mwa shati. Kila jioni sasa aliutoa mguu wa kushoto mwenyewe, bila kuombwa, akampa mkewe, na wakati mkewe anakagua yeye aliufuata mkono wake kwa macho mpaka aambiwe mguu uko salama. Neno Kibarua halikusikika tena.

Wiki ya pili alikuwa ananyoosha shati la mwalimu mkuu, jeupe, la mikono mirefu. Mtu alipita akamsalimu, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha akasikia harufu ya kuungua.

Aliiachia pasi hapo hapo ilipokuwa. Akahangaika na kamba ya kiatu. Akakivua, akavua soksi, akaupandisha mguu wa kushoto juu ya paja. Akatazama juu. Akatazama katikati ya vidole. Akatoa kioo, akatazama wayo, kisigino, uvungu. Akakunja mikono ya shati lake akakagua viganja vyake, viwiko, akagusa shavu. Akashika goti la kulia na kibutu kilicho chini yake.

"Mzee! Shati! Shati linawaka!"

"Ngoja kwanza."

"Mzee, pasi!"

"Nimesema ngoja. Namtazama mtu."

Fundi alikuja akachomoa waya na kuinyanyua pasi. Juu ya mgongo wa shati la mwalimu mkuu palikuwa na umbo zima la pasi, kahawia pembeni, jeusi katikati, na blanketi la chini linatoa moshi. Wote wawili walilitazama. Ndiyo nguo ya kwanza.

"Sasa mwenye shati utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimemuunguzia shati."

Mguu wa kushoto ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Aliupapasa kwa viganja vyote viwili, polepole, akauvalisha soksi. Lakini saa tisa ilikuwa imefika, na ule wa kulia ulikuwa umeanza kuungua kama kila siku. Dobi akauma meno. Akainama kwenye kiti kirefu, akashusha kioo hadi pale ambapo wayo ungekuwa, akakigeuza huku na huku. Kikamwonyesha sakafu na vumbi la mkaa wa zamani.

"Pole," alisema.

Fundi viatu, akiwa bado ameshika shati lililoungua, alidhani anaambiwa yeye, akaitikia.