Utepe wa Shangazi

Mkamuaji alirudi kazini kitovu cha mwanawe hakijadondoka. Alikaa kwenye kigoda, kiuno kikimkata, akaosha chuchu za Shangazi kwa maji ya uvuguvugu. Shangazi alikuwa ng'ombe. Aliitwa hivyo kwa kununa kwake. Naye alikuwa amezaa wiki ileile, na ndama wake alishahamishiwa banda la pili, akinyweshwa kwa ndoo.

Shambani pale ng'ombe aliyezaa hufungwa utepe mwekundu shingoni. Maana yake huyu anapumzika, mfuko wake wa uzazi unarudi mahali pake, asipandishwe dume wala asisumbuliwe mpaka daktari wa mifugo aseme. Asubuhi hiyo tepe zilikuwa zimekwisha stoo. Mkamuaji akachana upindo wa mtandio wake mwekundu, akamfunga Shangazi. Alipoinuka, kiuno hakikuuma tena. Damu ya uzazi nayo ilikata. Akabeba kigoda chake, akaenda kwa ng'ombe wa pili.

Shangazi ndiye aliyepinda mgongo. Tangu siku hiyo, mtoto wa mkamuaji akilia kwa mama mkwe, nyuma ya ukuta, Shangazi aliacha kula, akatega masikio, na maziwa yakamdondoka sakafuni. Mkamuaji alipata usingizi, maziwa yake yakawa tele, mtoto akanenepa mashavu. Wenzake bandani waliweka beseni chini ya Shangazi, maziwa yasipotee bure.

Lakini Shangazi hakuingia joto la kutaka dume. Ng'ombe waliozaa pamoja naye walishapandishwa, yeye kimya. Daktari alivaa glovu ndefu, akampima kwa mkono mzima.

"Mfuko wake ulisharudi zamani," alisema. "Ila humu kuna wa pili, wa mwanamke, tena mzazi mbichi. Huo ndio bado. Na homoni za kunyonyesha ziko juu. Zikiwa juu hivi, joto halitokei."

"Dawa yake?" msimamizi aliuliza.

"Apumzike. Majani mabichi, matandiko makavu, asifokewe."

"Apewe vyote. Ng'ombe si wa kuchezea. Ila joto lisipotokea kabla ya mvua, anakwenda machinjioni."

Mkamuaji akasogea mbele. "Bosi, na mimi je? Mzazi ni mimi."

"Wewe mbona mzima? Mgonjwa ni huyu."

Jioni alirudi bandani peke yake. Alimpenda Shangazi, hakutaka aende machinjioni. Akanyoosha mkono kwenye fundo.

"Nirudishie, Shangazi. Nitavumilia. Watakuchinja bure kwa ajili yangu."

Shangazi akavuta shingo upande, akaendelea kucheua. Mkamuaji akajaribu tena. Shangazi akamkanyaga mguu, polepole, kumwonya tu. Basi mkamuaji akaegemeza uso kwenye ubavu ule wa moto, akalia mpaka akatosheka. Kisha akamtandikia majani makavu.

Shangazi alipumzika kwa niaba ya wawili. Alilala mchana, na hakuna aliyethubutu kumpigia kelele. Mawingu yalipoanza kujikusanya, mkamuaji alimkuta Shangazi ameweka kidevu mgongoni mwa jirani yake, analia kwa sauti nene, ute mwangavu ukining'inia nyuma. Joto hilo. Mkamuaji alimkumbatia shingo, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Daktari ndiye aliyefungua upindo. Mkamuaji alifumba macho, akisubiri maumivu yake yarudi. Hayakurudi. Yalikuwa yameishia kwa Shangazi.

Msimamizi alifurahi, akaagiza boksi zima la tepe mpya kwa ajili ya ng'ombe. Siku hiyohiyo wifi yake mkamuaji, naye mkamuaji, tumbo limempanda kifuani, alikuwa akizunguka bandani na mtandio mkononi. Aliwasalimia ng'ombe wenye mimba mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga.

"Chagua upesi," msimamizi alimwambia. "Ukishajifungua tu, nakuhitaji kazini."