Simu Mbili Kabla ya Adhuhuri

Daktari alipopiga simu, msusi alikuwa katikati ya kichwa cha Afande. Upande wa kushoto misuko ilikuwa imekwisha, myembamba na imelala vizuri; upande wa kulia nywele zilisimama kama zimeshtuliwa usingizini. Msusi aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kusuka. Mikono yake haikujua kukaa bure, hata msibani.

"Vyote vinne vinaendelea vizuri," daktari alisema.

Alikuwa akizungumzia viinitete, vile vilivyotokana na mayai ya msusi na mbegu za mumewe, vilivyokuwa vikilelewa maabara kwenye kisahani chenye joto. Leo vilikuwa vimetimiza siku ya tatu. Swali lilikuwa moja tu: wampandikizie viwili leo alasiri, au waviache maabara mpaka siku ya tano?

"Tukisubiri, vyenye nguvu vitajionyesha vyenyewe," daktari alieleza. "Lakini ni vichache. Huenda tukasubiri kisifike hata kimoja. Tukipandikiza leo, tunaviwahisha tumboni kabla hatujajua kipi ni kipi. Njia zote mbili zinakubalika. Nipeni jibu kabla ya saa sita. Na kama ni leo, anza kunywa maji, uje na kibofu kimejaa, ili tuone vizuri kwenye picha."

"Wewe ungefanyaje, daktari?"

"Mimi ningewauliza wenyewe."

Msusi alitamani kumvuta sikio kupitia kwenye simu. Miaka yote hiyo ya kusoma, halafu mtu anakurudishia swali lako kama chenji! Akashukuru, akakata, akajimiminia bilauri ya maji, akanywa. Akamimina nyingine. Maji hayahitaji kukata shauri.

Kwa kweli njia zote mbili alikwisha kuzipita. Mara ya kwanza walipandikiza siku ya tatu. Wiki mbili nzima alitembea kama aliyebeba yai kwenye kijiko, akizungumza na tumbo lake bafuni, akalichagulia hata shule. Kisha asubuhi moja, akiwa anamwosha mteja nywele, damu ikaja. Mara ya pili yeye ndiye aliyeshikilia kwamba wasubiri, na siku ya tano daktari akapiga simu kusema hakuna cha kupandikiza, vyote vimekwama njiani. Mumewe alisema "Si kosa lako" hata kabla hajaiweka simu mezani. Alilisema upesi mno. Tangu hapo neno hilo lilikaa nao nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Na hii ya sasa ilikuwa ya mwisho. Daktari aliwaambia bila kupindisha kwamba mayai yanaisha na baada ya haya asingewashauri kujaribu tena. Wenzake aliocheza nao wote walikwisha kuwa Mama Fulani. Yeye, na mvi zake mbili tatu, bado ni Dada. Dada, nisuke. Dada, nipunguzie ncha. Aliitika kwa uchangamfu kila mara, na kila mara palimuuma.

Alimpigia mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu na mguu wake haukuwahi kuwa mbali nayo. Atakwambia usukani ni wako, usiogope, nenda. Ukijaribu kwenda tu, gari linasimama.

"Daktari amenipigia," msusi alisema. "Ni leo au tusubiri. Unaonaje?"

"Uamuzi ni wako. Mwili ni wako."

"Nimekuuliza unaonaje."

"Naona uamue wewe. Utakaloamua, niko nyuma yako."

"Nyuma yangu wapi, mbona nikigeuka sikuoni?"

Akaambiwa mwanafunzi anaingia barabara kuu, simu ikakatika.

Afande alimtazama kwenye kioo. Alikuwa askari wa magereza, mwanamke wa mifupa mikubwa aliyetakiwa kazini mchana huo, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimeshikwa, masikio yake yalikuwa hayana pa kwenda.

"Sisi kazini," alisema, "mtu akikwambia amua wewe, ujue anatafuta wa kumtia ndani."

"Kwa hiyo niamue vipi, Afande?"

"Subira yavuta heri."

"Na ngoja ngoja je?"

"Yaumiza matumbo," Afande alikiri. Akafikiri. "Nadhani wahenga nao walikuwa mke na mume, kila mmoja akitoa ya kwake."

Msusi alicheka, kisha kicheko kikamwisha ghafla. Alisuka mstari ukaenda upande, akaufumua, akausuka tena, ukaenda upande uleule. Alitoka nje akasimama mlangoni, akarudi. Alifagia nywele alizokwisha kuzifagia. Akanywa maji mengine, na sasa kibofu nacho kikaanza kudai haki yake. Roho yake haikutulia hata kidogo, na kila alipotupia jicho saa ya ukutani mishale ilikuwa imesogea.

Moyoni alijua alitaka nini, lakini hakukigusa. Alichokigusa ni kile alichodhani mumewe anataka. Mwanaume yule hakuwahi kumsamehe kwa kusubiri, hilo alikuwa na hakika nalo. Basi safari hii apewe leo yake. Likiharibika, angalau lisiharibike kwa mkono wa mkewe mara ya pili. Liwalo na liwe. Akapiga simu kliniki.

"Leo," alimwambia muuguzi. "Tunapandikiza leo."

Upande wa pili karatasi zikachakachaka.

"Leo? Dada, mumeo amepiga hapa kitambo kidogo tu. Kasema mnasubiri."

"Nani kasema?"

"Mumeo. Sauti yenyewe ninaifahamu." Muuguzi akashusha pumzi. "Sikilizeni. Simu mbili, majibu mawili, na mimi hapa sina mizani. Njooni wote wawili, sasa hivi."

Mumewe, ambaye muuguzi naye alimpigia akamweleza, alipofunga breki mbele ya saluni, msusi alikuwa tayari mlangoni na mkoba begani. Alimgeukia Afande, aliyekuwa ameketi na nusu ya kichwa.

"Nenda," Afande alisema. "Serikali imenipa kofia."

Gari lilikuwa lilelile la mafunzo. Mumewe aliketi nyuma ya usukani, yeye akaketi kiti cha mwalimu, breki ya pili ikiwa chini ya kiatu chake. Walipita maduka mawili matatu.

"Nani alikutuma kupiga simu?" msusi aliuliza.

"Nilijua unataka kusubiri."

"Ulijuaje?"

"Nakujua. Zile wiki mbili zilikumaliza. Nikasema nipige mimi, ili likiharibika, isemwe ni mimi niliyesema."

"Isemwe na nani? Nyumba nzima tuko wawili!"

Na mguu wa msusi, ambao ulikuwa ukitafuta cha kufanya tangu asubuhi, ukaikanyaga ile breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama katikati ya barabara. Honi zikalipuka nyuma. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Wanafunzi nyinyi, rudini darasani!"

"Ondoa mguu," mumewe alisema.

"Ulinilaumu?"

"Twende kwanza, tutazungumza."

"Mara ile. Ulinilaumu?"

"Si kosa la..."

"Sijauliza kosa la nani. Nimeuliza kama ulinilaumu."

Mumewe alikitazama kioo cha nyuma, ambamo lori lilikuwa limejaa tele. Mkono wake ulipapasa gia na kuiacha.

"Nilikulaumu," alisema. "Nilikulaumu sana. Nilikuwa nakutazama umelala, nasema moyoni, tungewapandikiza tu, tungewapandikiza mapema. Mwezi mzima nilikuwa hivyo. Kisha ikapita, nikaona haya, nikawa nakwambia si kosa lako ili nisijisikie mbaya."

Msusi alipandwa na hasira, na ilikuwa hasira nzuri, ya kushikika, si ule ukungu aliokuwa akipigana nao mwaka mzima. Nyuma ya hasira alikuta kwamba anapumua. Kumbe hakuwa mwendawazimu. Yale aliyoyasikia nyumbani mwake yalikuwemo kweli.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningekutwanga na kitana, tukalia, tukamaliza."

"Najua."

"Hujui. Mwaka mzima nakupikia huku nakupima uso!"

"Na wewe," mumewe aliuliza taratibu, "kwa nini umesema leo?"

"Kwa sababu wewe unataka leo."

"Ni kweli nataka leo," alisema, na macho yakamjaa maji. "Naiogopa ile simu ya siku ya tano. Siogopi kitu duniani kama ile simu."

Msusi aliondoa mguu, gari likaenda. Kila mmoja alikuwa amemjua mwenzake barabara, kisha akaenda kumsemea kwa siri, kama wezi wawili wanaorudishiana mali gizani.

Kliniki, muuguzi aliwapokea kwenye kijichumba chenye viti vitatu vya plastiki. Alikuwa mama wa makamo asiye na haraka, na saa ya ukutani kwake ilikuwa mbele kuliko ya saluni.

"Kila mtu aseme lake," aliamuru. "Si la mwenzake."

"Leo," alisema mumewe.

"Kusubiri," alisema msusi.

"Haya, sasa angalau ni ugomvi wa kweli," muuguzi alisema. "Nendeni mkaumalize hapo nje. Daktari anasubiri."

Walisimama ukumbini, msusi akibadilisha mguu huu na huu, kibofu kikimkaba.

"Zile wiki mbili sizirudii," alisema. "Nikibeba, nataka nibebe kilichokwisha kuonyesha kinataka kuishi. Nikikosa, nikose kwa simu. Sitaki tena kukosa kwa damu, nimeinama juu ya kichwa cha mtu."

"Na kama hakuna atakayefika? Hii ni ya mwisho."

"Najua ni ya mwisho. Unadhani kwa nini natetemeka?"

Mumewe alifungua kinywa, na msusi aliliona neno likija, lile la mwili ni wako. Akainua kidole. Mumewe akalimeza. Alikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, akageuka, akarudi, uso umemchakaa kama mtu aliyetoka safari.

"Basi tusubiri," alisema. "Nimekubali mimi, sijakuachia wewe. Lakini nakwambia kabisa: wakikwama, nitakulaumu."

"Laumu."

"Si kimoyomoyo. Kwa sauti, mpaka majirani wagonge ukuta."

"Laumu kwa sauti," msusi alisema, akamshika mkono kumvuta kuelekea mlango wa muuguzi. "Nitakuwa nimekaa palepale, nakusikiliza."